Kuonja Mvinyo Mkongwe wa Porto: Anza na Mashapo

Ukitaka kuuelewa mvinyo mkongwe wa Porto, anza na kile usichokunywa. Chupa iliyolazwa kwa miaka 30 au 40 huwa na utando mweusi ulioganda ubavuni, mzito kama masizi ya sufuria, na ukiitikisa hovyo utando huo hukatika vipande vipande na kuuvuruga mvinyo wote. Hayo ndiyo mashapo. Wengi huyaona kero tupu: yanakwama kwenye meno, yanachafua glasi, yanaacha ukakasi ulimini. Lakini siku mvinyo ulipotiwa chupani hapakuwa na utando wowote. Mashapo yote yalikuwa ndani ya kinywaji, ndiyo yaliyokuwa sehemu ya rangi yake na ya ukali wake. Kila kilichoganda ubavuni kimetoka kwenye mvinyo wenyewe. Basi nashikilia kwamba kazi kubwa ya umri katika mvinyo huu ni kupunguza, na anayejua kuonja ni yule anayejiuliza kimetoka nini na kimebaki nini. Mwaka uliochapwa kwenye lebo haujibu swali hilo, wala bei haijibu. Namna ya kununua, kufungua, kumimina, kunusa na kuonja, kama utakavyoona, zote zinalitumikia swali hilo moja.

Ni kinywaji gani hasa? Zabibu zake hulimwa katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, kwenye miteremko mikali ya mwamba unaobanduka mabamba kama vigae, ambamo mizizi hupenya nyufa ikiyafuata maji. Mipaka ya eneo hilo iliwekwa rasmi mwaka 1756, wakati wa utawala wa waziri tunayemjua leo kama Marquês de Pombal. Zabibu za Touriga Nacional, Touriga Franca, Tinta Roriz na jamaa zao hukanyagwa kwa miguu katika mabirika mapana ya mawe, au kwa mitambo iliyobuniwa kuiga miguu. Maji yake huanza kuchachuka, na baada ya siku mbili tatu, hamira ikiwa bado haijaimaliza sukari, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77, kiasi cha kipimo kimoja kwa vipimo vinne. Hamira hufa, sukari hubaki, na mvinyo hutulia kwenye kilevi cha asilimia 19 hadi 22. Wenyewe hadi leo huhesabu kwa pipa, na pipa la huko Douro ni lita 550. Mswahili hapo hahitaji mkalimani: pipa ni neno tulilolipata kwa Wareno, kama tulivyopata mvinyo, meza ya kuuwekea na leso ya kupangusia midomo.

Mnunuzi mgeni hukosea kuanzia kwenye lebo. Mivinyo hii ina koo mbili, ule unaokomaa ndani ya mbao na ule unaokomaa ndani ya kioo. Uitwao Tawny hukaa kwenye mapipa miaka mingi, hewa ikipenya kidogo kidogo katika mbao, hata ugeuke kahawia na kunukia njugu za kukaanga. Ukiona umeandikwa 10, 20, 30 au 40, hiyo ni tabia ya umri iliyopatikana kwa kuchanganya mapipa, haina uhusiano na mavuno ya mwaka fulani. Uitwao Vintage hutokana na mavuno ya mwaka mmoja, hukaa kwenye mbao miaka miwili hadi mitatu tu, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa, na maisha yake yote yaliyobaki huyapitisha gizani chini ya kizibo, karibu bila hewa. Kati yao kuna Late Bottled Vintage, uliokaa kwenye mbao miaka minne hadi sita. Mwingi wake umechujwa na uko tayari kunywewa siku unaponunuliwa. Neno Vintage limo katika majina yote mawili, na wengi hulipia huu wakidhani wamepata ule. Uliochujwa umeondolewa mashapo mara moja, kwa mtambo. Usiochujwa huyaacha wenyewe, polepole: tanini na chembe za rangi hushikana, zinakua, zinakuwa nzito, zinazama. Kadiri zinavyozama ndivyo ukali unavyolainika na harufu zilizofunikwa zinavyojitokeza. Zipo pia harufu mpya zinazozaliwa njiani, na anayesema umri hauongezi chochote atakuwa amezidisha. Ila hata hizo mpya usingezisikia kama ule ukali wa ujana ungalikuwepo.

Mwaka wa mavuno una maana, lakini si ile inayodhaniwa. Kampuni za Porto hazitoi Vintage kila mwaka. Hungoja, huonja, huomba kibali cha Instituto dos Vinhos do Douro e do Porto, ndipo hutangaza, na kwa kawaida huwa ni mara tatu hivi katika muongo. Miaka ya 1945, 1963, 1970, 1977, 1994 na 2011 ni miongoni mwa iliyotangazwa na kampuni nyingi, na ukiikuta kwenye lebo una sababu ya kusimama. Lakini tazama mwaka 1931. Mavuno yalikuwa mazuri sana, ila dunia ilikuwa katika mdororo wa uchumi na maghala bado yalikuwa na shehena ya 1927, basi kampuni nyingi zikanyamaza. Quinta do Noval ikatangaza, na mvinyo wake wa 1931 ukaja kuhesabiwa miongoni mwa mivinyo mikuu ya karne nzima. Walionyamaza ndimi zao hazikuwa na kasoro. Walikuwa wanahesabu fedha. Kwa hiyo mwaka kwenye lebo ni hukumu ya mwonjaji iliyochanganyika na hukumu ya mhasibu, nawe huna njia ya kuzitenganisha kwa kusoma tu. Afadhali uzingatie jambo jingine: katika miaka isiyotangazwa kwa jumla, kampuni hizo hizo mara nyingi hutoa mvinyo wa shamba moja. Taylor's huandika Quinta de Vargellas, Graham's huandika Quinta dos Malvedos. Mivinyo hiyo hukomaa mapema, bei yake ni nafuu, na kwa anayeanza ndipo pa kuanzia. Chupa ya shamba moja yenye miaka 20 itakufundisha mengi kuliko chupa ya 1963 uliyoilipia mshahara wa miezi kadhaa na ambayo utaiogopa hata kuifungua.

Kabla ya kulipa, tazama shingo ya chupa dhidi ya mwanga. Kwa mvinyo wa miaka 30, kiwango kikiwa shingoni au mwanzo wa bega hakuna neno. Kikishuka chini ya bega, kizibo kimevujisha na hewa imeingia. Kizibo kilichosukumwa kikachomoza juu ya mdomo wa chupa ni dalili ya joto. Kwenye chupa za zamani huenda ukaona doa jeupe la chokaa ubavuni: liliwekwa kuonyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa, ili anayeihamisha asiligeuze ganda la mashapo. Jambo la joto linawahusu wasomaji wa Pwani kuliko wengine wote. Ghala zuri lina nyuzi 12 hadi 15 mwaka mzima. Kabati la sebuleni Dar es Salaam au Mombasa linaweza kupita nyuzi 30 mchana, na kwa joto hilo yale yaliyopaswa kutokea kwa miaka 30 hutokea haraka, tena vibaya, mvinyo ukaishia kunukia jamu iliyoungua. Usijidanganye kwamba utanunua mvinyo mchanga uuweke kabatini hadi mtoto aoe. Nunua uliokwisha komaa mahali penye baridi, kutoka kwa muuzaji anayeweza kukueleza ulikohifadhiwa, uuweke kwenye friji siku chache tu, kisha uunywe. Friji si ghala la miaka, maana hukausha kizibo, lakini kwa wiki moja au mbili ni bora kuliko kabati.

Siku mbili kabla ya kuonja, isimamishe chupa wima mahali ambapo hakuna atakayeigusa. Kama imesafiri, ipe wiki nzima au zaidi. Mashapo ya mvinyo huu yana vipande vizito vinavyoshuka upesi na vumbi laini linalochukua muda, na hilo vumbi ndilo linaloharibu glasi. Kisha kuna kizibo. Baada ya miaka 30 gome lake limeloa, limelegea, na shingo ya chupa nyingi za Porto ni pana kidogo katikati, kwa hiyo kizibo huwa kimetanuka ndani na hung'ang'ania. Kizibuo cha kawaida cha msokoto hukikata katikati. Chenye mabapa mawili membamba, yanayopenyezwa kati ya kizibo na kioo kisha kuzungushwa taratibu, hufaulu mara nyingi zaidi. Wareno wana njia yao ya koleo: koleo la chuma lenye mdomo wa duara huwekwa motoni hadi liwe jekundu, hubana shingo chini ya kizibo kwa muda wa dakika moja hivi, kisha pale pale hupitishwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, na kioo hukatika kwa duara safi, kizibo kikiwa ndani yake bado. Inapendeza kuitazama, lakini usiijaribu kwa koleo la jikoni na maelezo ya gazeti. Kizibo kikivunjika, acha kivunjike. Vipande vyake vinachujika.

Kumimina ndiko kunakohitaji mkono. Suuza jagi la kioo kwa maji ya moto bila sabuni, ulikaushe. Washa taa ya simu, ilaze mezani ikitazama juu, na uishike chupa ili mwanga upite shingoni. Mshumaa uliotumika zamani ulifanya kazi hiyo hiyo. Inamisha chupa polepole, mimina kwa mkondo mwembamba, na ukishaanza usisite wala usiirudishe wima, maana kila unapoirudisha wimbi la ndani huyaamsha mashapo. Kwa muda mrefu utaona mwanga unapita mwekundu safi. Halafu, chupa ikikaribia kwisha, uzi mweusi utaanza kutambaa kutoka begani kuelekea shingoni, mwembamba kama moshi wa udi. Hapo ndipo pa kuacha. Utabakiwa na kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, nacho unaweza kukichuja kwa kipande cha melimeli kilichofuliwa bila sabuni. Mvinyo wa miaka 20 hadi 30 uache kwenye jagi saa mbili au tatu. Wa miaka 50 na zaidi usiuache zaidi ya saa moja, kwani kilichobaki ndani yake ni chepesi na hewa hukichukua upesi. Uandae ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Vitabu vinavyosema joto la chumba vinasema chumba cha Ulaya. Chumba chetu kitakupa pombe inayopanda puani na kuificha harufu yote, basi jagi likae kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina.

Najua atakayesema haya yote ni mbwembwe za matajiri, kinywaji ni kinywaji. Pingamizi hili lina haki yake, kwa sababu mezani pa Porto kweli pamejaa mbwembwe. Kwa desturi ya Kiingereza jagi huzungushwa kuelekea kushoto tu, na aliyelisahau mbele yake huwa haambiwi wazi bali hukumbushwa kwa mafumbo. Hilo halibadilishi ladha hata kidogo, liache. Kipimo changu ni chepesi: desturi isiyoweza kuelezwa kwa kile kinachotokea ndani ya chupa au ndani ya pua, iache. Kusimamisha chupa kunaelezeka kwa mashapo, kumimina taratibu vilevile, nyuzi 16 kwa pombe, saa mbili za jagi kwa hewa. Hata glasi inaelezeka. Vile vikombe vidogo vya liqueur ambavyo mikahawa mingi humiminia Porto hadi ukingoni havikuachii nafasi ya kunusa, na mvinyo huu zaidi ya nusu ya ladha yake iko puani. Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo, iliyojifunga kidogo mdomoni, ujaze theluthi moja tu.

Sasa tazama. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na uangalie ukingo, pale mvinyo unapokuwa mwembamba. Vintage ya miaka mitatu ni zambarau nzito inayokaribia weusi hadi ukingoni. Ya miaka 20 ina moyo mwekundu na ukingo wa rangi ya tofali. Ya miaka 40 au 50 huwa nyekundu hafifu inayoelekea chai ya rangi, na unaweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Rangi iliyokosekana hapo uliiona ubavuni mwa chupa. Lakini jicho ni shahidi wa kuhojiwa. Katika karne ya 18 wafanyabiashara walikuwa wakikoleza mivinyo dhaifu kwa matunda meusi ya mti uitwao sabugueiro, hata Pombal akaamuru miti hiyo ing'olewe katika eneo la mvinyo. Na mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Pua zao hazikuwa mbovu. Jicho lilikuwa limekwisha waamulia. Kwa hiyo rangi ikusaidie kukadiria umri, isikusaidie kutoa hukumu.

Kunusa kufanywe mara tatu: glasi ikiwa imetulia, kisha baada ya kuizungusha, kisha tena baada ya dakika kumi. Mara ya kwanza unatafuta kasoro. Harufu ya uvundo, kama kitambaa kibichi kilichofungiwa mfukoni au boksi la karatasi lililoloa, ni kizibo kilichoambukizwa, na hakuna jagi wala muda utakaoiponya. Harufu ya siki, au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ikiwa kali ni hewa iliyoingia. Ikiwa hafifu inavumilika katika mvinyo wa umri huu. Mara ya pili unatafuta mabaki ya tunda. Katika ujana lilikuwa tunda lililoiva, zambarau na matunda ya msituni. Katika uzee linakuwa tini kavu, zabibu kavu, tende. Mara ya tatu unatafuta vilivyozaliwa: tumbaku, ngozi, mdalasini, kungumanga, karafuu, mbao za sanduku la zamani. Hapa nawasihi wasomaji wasijifunze kunusa kwa kamusi ya watu wengine. Waonjaji wa Ureno hutaja esteva, kichaka cha milima ya Douro chenye majani yanayonata utomvu wa kunukia. Aliyekulia kwenye nyumba inayofukizwa hana esteva, lakini ana ubani na udi, na atakuwa sahihi zaidi akisema ubani kuliko akikariri kichaka asichowahi kukiona.

Mdomoni, chukua funda dogo, lizungushe hadi kwenye fizi, uvute hewa kidogo juu yake. Pima mambo manne na uyapime pamoja. Utamu upo, nao haukuondoka kama rangi ilivyoondoka, ingawa katika mvinyo mkongwe huonekana mdogo kuliko ulivyo. Uchachu ndio unaouzuia utamu usichoshe. Usipokuwepo utahisi unalamba sharubati. Ukakasi, ule unaoujua kwenye bibo la mkorosho au ndizi mbichi, katika ujana hukamata fizi zote. Katika utu uzima unapaswa kuwa kama kitambaa laini, upo lakini haukwaruzi. Nao moto wa pombe ndio mtihani mkubwa. Kilevi cha asilimia 20 hakipungui kwa kukaa chupani, basi tunda na tanini zikishapungua mno, pombe hubaki peke yake, kama mtu aliyesimama katika nyumba iliyohamwa. Ukimeza na kitu cha kwanza unachokisikia ni moto wa koo, na cha mwisho ni moto huo huo, mvinyo huo umepita wakati wake hata kama ni wa mwaka mtukufu. Moto ukifika ukiwa umefungwa ndani ya ladha, kisha ladha ikabaki ulimini baada ya moto kupoa, kwa sekunde 20, 30, hata dakika nzima, basi kupunguza kumefanya kazi yake na kumeacha kiini. Hesabu sekunde kweli, kwa saa. Ni kipimo kimoja ambacho lebo haiwezi kukuchezea.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi: kwa nini kungoja? Mgema wa Pwani anajua kuwa tembo la asubuhi ni tamu na la jioni limekwisha chacha. Kinywaji kizuri ni cha leo, na kuwaambia watu kwamba kinywaji cha miaka 40 ni bora ni kuwauzia uvumilivu wao wenyewe. Nakubali nusu ya hoja hii. Vinywaji vingi duniani, pamoja na mivinyo mingi, havifaidiki na umri, na hata Vintage ya miaka mitatu, nyeusi na yenye tunda tele, inafurahisha kwa namna yake. Anayeipenda hivyo asionewe huruma. Hata huko Douro kwenyewe palikuwa na mtu wa heshima aliyepinga mtindo mzima. Joseph James Forrester, mfanyabiashara Mwingereza aliyechora ramani maarufu ya mto huo na kuzama humo humo mwaka 1861, aliandika mwaka 1844 akishutumu kukoleza mvinyo na kuumiminia pombe. Soko lilimshinda. Lakini tofauti na tembo ni kwamba kinachoharibu tembo ni uchachukaji usiosimama, ilhali hapa uchachukaji ulisimamishwa kwa pombe katika siku ya tatu, na kinachoendelea baadaye ni kazi nyingine kabisa ya tanini na rangi kushikana na kuzama. Vintage nzuri iliundwa ikiwa na tanini nyingi kuliko ulimi unavyoweza kuvumilia kwa raha, mahsusi ili ziwepo za kupoteza. Inapofika kati ya mwaka wa tano na wa kumi na tano mara nyingi hujifunga, tunda la ujana limenyamaza na la utu uzima halijasema, na hicho ndicho kipindi kibaya zaidi cha kuifungua. Kwa nyingi, miaka 20 hadi 40 ndiyo saa yake.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba tunasikia kile tulichoambiwa. Mwaka 2008 watafiti huko California waliwapa watu mvinyo mmoja mara mbili, wakiutajia bei ya juu na bei ya chini, huku wakiwachunguza ubongo kwa mashine. Watu waliupenda zaidi walipodhani ni ghali, na sehemu za ubongo zinazohusika na raha ziliamka zaidi kweli. Hawakuwa wakijifanya. Wengine hulitumia jaribio hili kusema kuonja ni upuuzi. Kwangu linaonyesha kitu chembamba zaidi, kwamba bei na mwaka ni viungo vinavyoingia kinywani pamoja na mvinyo, na asiyetaka kuvionja avitoe kwenye glasi. Njia ni rahisi na haina gharama. Mwombe mwenzako amimine akiwa chumba kingine, chupa mbili au tatu za umri tofauti, mojawapo ikiwa Late Bottled Vintage ya bei ya kawaida, azipe namba asikwambie. Andika kwa kila glasi sentensi tatu tu: kimetoka nini, kimebaki nini, ladha ilikaa sekunde ngapi. Ndipo chupa zifunuliwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao wauza mivinyo hawana tofauti na mgema, basi sifa ije baada ya kuonja.

Chakula kisizidi mvinyo kwa utamu. Haluwa ya Zanzibar, nzuri ilivyo, itaufanya mvinyo wa miaka 30 uonekane mwembamba na mchachu. Waingereza hula na jibini la bluu, kwa kuwa chumvi huinua utamu, na korosho za kukaanga zisizotiwa viungo zinafaa vilevile. Kunywa maji kila baada ya funda. Glasi ya mililita 75 ina kilevi halisi cha mililita 15 hivi, hivyo mbili zinatosha jioni nzima, na anayeendesha gari aonje na kutema, kama waonjaji wanavyofanya kazini; asiyekunywa kwa imani au kwa afya yake hana deni lolote hapa. Chupa moja inatosha watu wanane hadi kumi, na ni vyema wawe wengi, kwa kuwa mvinyo mkongwe ukishafunguliwa hauna kesho ndefu: ndani ya siku mbili yale machache yaliyobaki yatakuwa yamekwenda, tofauti na Tawny inayoweza kukaa wiki kadhaa. Na chupa zitakapofunuliwa, ukakuta uliousifu ndio wa bei ndogo na uliouona mchovu ndio wa mwaka mkuu, usifute ulichokiandika.